Kizazi Chetu na Samaki Wachanga

Mabawe, kwetu Ngara, haina ziwa. Samaki wa gulioni kwetu wengi hutoka mialo ya Chato na Nyamirembe, wamekaushwa au kutiwa chumvi. Ndiyo maana sisi wazee tulizoea kusema kwamba habari za vipimo na nyavu ni za wavuvi na serikali. Umri umenifundisha vingine: sheria ya ukubwa wa samaki husimama au huanguka kwenye kapu la mnunuzi.

Baada ya uchunguzi wa mtafiti wa uvuvi Michael Graham wa mwaka 1927 na 1928, watawala wa kikoloni waliagiza nyavu za Ziwa Victoria zisiwe na macho chini ya inchi 5, ili ngege mchanga, samaki wa asili wa ziwa hilo, apite, akue, azae. Macho madogo yalipoonekana kuleta samaki wengi upesi, usimamizi ulilegea, na katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaifuta kanuni hiyo. Ngege akaadimika. Ningu, samaki mwingine wa asili, naye alitegwa kwenye midomo ya mito akipanda kutaga wakati wa mvua, na Kagera, inayopokea maji ya Ruvubu yetu pale Rusumo, ilikuwa mojawapo ya njia zake. Aliyemaliza samaki hao si mvuvi peke yake. Kulikuwa na watu wa kuwanunua kabla hawajazaa.

Kisha akaja sangara, aliyepandikizwa ziwani. Aliwala samaki wadogo waitwao furu, akaleta viwanda Mwanza, akalipa ada za watoto wengi. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilikataza kuvua sangara chini ya sm 50 na sangara anayezidi sm 85, pamoja na sato chini ya sm 25. Kikomo cha juu kiliwashangaza wengi, lakini kilikuwa na maana yake: dume hukomaa mapema, jike huchelewa hadi awe amezipita mbali sm 50, na jike mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Leo mchanga anatafutwa kwa bei nafuu na mama anatafutwa kwa bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni. Sangara anabanwa pande zote mbili.

Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu. Nyavu haramu zikachomwa, watu wakatozwa faini. Nawaelewa waliolia. Mvuvi mwenye deni la injini hamwachi samaki mchanga akijua mwenzake atamvua na kumuuza. Moto huunguza nyavu, lakini mteja bado yupo anasubiri.

Mtaniuliza, asiye na fedha ale nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni dagaa. Huyo ni mdogo kwa maumbile, huzaa akiwa mdogo na huongezeka upesi, hivyo anastahimili kuvuliwa kuliko mtoto wa sangara ambaye bado hajaanza kuishi.

Wajukuu zangu wa Ngara na Biharamulo, msisubiri ofisa uvuvi afike gulioni. Kipimo mnacho mwilini: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni karibu sm 45. Sangara mzima asiyeupita mkono huo kwa sm 5 hivi, msimnunue hata akipunguzwa bei, na mwambieni muuzaji sababu. Akirudi na samaki hao mara mbili tatu bila kuuza, habari itafika mwaloni.