Moyo wangu uliponitoa uwanjani

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Februari mwaka 2010, na jua la saa nane lilikuwa likiichoma sakafu ya saruji ya uwanja wa chuo chetu, katikati ya jiji la Nairobi. Nilikuwa na umri wa miaka 21, mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari na naibu wa nahodha katika timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Nakumbuka niliunyaka mpira, nikatimka nao kuelekea kikapuni, nikamkwepa msichana wa kwanza, nikamkwepa wa pili. Baada ya hapo sikumbuki lolote. Nilipofumbua macho nilikuwa chali, kocha akinipepea kwa daftari lake na wenzangu wakinizingira kama watu wanaotazama ajali barabarani.

"Msichana wewe, hukunywa chai leo!" kocha alinikemea, ingawa sauti yake ilitetemeka.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wako waliosema ni njaa, wako waliosema ni jua, na wako, bila shaka, walionong'ona kwamba nina mimba. Mimi mwenyewe nilitaka kurudi kucheza robo ya mwisho. Ilikuwa mara ya pili kuanguka, msomaji mpendwa. Ya kwanza nilikuwa nimeificha.

Jioni nilipanda matatu ya nambari 46 kurudi nyumbani Kawangware. Mama alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Nilimweleza nikijaribu kucheka. Hakucheka. Aliliweka ungo chini, akamwita baba aliyekuwa chumbani akishona sare za shule kwa cherehani yake, akamwambia, "Baba Wanjiku, unamkumbuka mdogo wako?"

Baba mdogo alifariki kijijini akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amebeba gunia la viazi kutoka shambani, akaanguka, asiinuke tena. Hakuwa ameugua hata homa. Katika mazishi watu walimtazama jirani fulani kwa jicho baya, maana mtu mzima mwenye afya hafi hivi hivi, na jirani huyo walikuwa wamegombania mpaka. Hakuna aliyefikiria kuupasua mwili ili ubainike ukweli. Jirani yule aliishi na lawama hiyo hadi alipohamia kwingine.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda hospitalini. Nilibandikwa nyaya kifuani ili umeme wa moyo upimwe, kisha nikalazwa ubavu na kupakwa mafuta baridi huku moyo wangu ukipigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Ada ya picha ile ilizidi kodi ya nyumba yetu ya mwezi mmoja. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuuliza swali ambalo wazazi wangu walikuwa wakilingoja. Je, katika ukoo kuna yeyote aliyefariki ghafla akiwa bado kijana?

Ugonjwa wenyewe una jina la kuvunja ulimi, haipatrofiki kadiomiopathi. Kwa lugha ya nyumbani ni kwamba misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi, aghalabu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini. Moyo wa namna hiyo hupata taabu kujaa damu, na mara nyingine ukuta ule huzuia njia ya kutokea. La hatari zaidi ni kwamba umeme unaoendesha mapigo unaweza kuvurugika, hasa mtu anapojikaza. Watu wapatao mmoja kati ya kila 500 wanao, wengi bila kujua, na wengi wao huishi hadi uzeeni. Hurithiwa. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata.

"Unamkumbuka Marc-Vivien Foé?" daktari aliniuliza.

Nani asiyemkumbuka? Yule kiungo wa Kamerun aliyeanguka uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, timu yake ikicheza na Kolombia, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Nilikuwa na miaka 14, na tulikuwa tumejazana kwa jirani mwenye televisheni. Upasuaji wa mwili wake ulionyesha ugonjwa huu huu. Daktari hakuhitaji kuniambia mengi zaidi. Aliniandikia vidonge vya kutuliza mapigo, akaandika pia barua kwa chuo kwamba nisicheze tena mchezo wowote wa mashindano.

Nikamuuliza, "Hadi lini, Daktari?"

"Binti yangu, sijasema hadi lini."

Nilirudi nyumbani peke yangu. Wazazi walibaki kungoja dawa. Ndani ya ile 46 muziki ulikuwa ukivuma hadi viti vikatikisika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilishindwa kujua kama kinachodunda kifuani ni spika za makanga au ni moyo wangu. Tulipofika Hurlingham nilishuka nikatembea hadi Kawangware, polepole kama bi kizee, nikihesabu mapigo shingoni.

Lakini ukweli ni kwamba siku iliyoniuma zaidi haikuwa hiyo. Ilikuwa wiki tatu baadaye, baba alipokwenda kupimwa kwa amri ya daktari. Naye alikuwa nao. Miaka yote ile ameinamia cherehani, hajawahi kuanguka hata mara moja. Alirudi, akaketi, akashika sindano, akashindwa kuitia uzi. "Kumbe ni mimi niliyekupa," alisema. Mama alimjibu kwamba amenipa pia urefu na akili, basi ashone sare za watu. Hatukulizungumza tena kwa muda mrefu. Kaka yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha pili, alipimwa akakutwa salama, na nasikitika kukiri kwamba furaha yangu kwa habari hiyo ilichanganyika na kijicho.

Chuoni niliacha kupita njia ya uwanjani. Wenzangu walinionea huruma, na huruma ya watu wa rika lako ni kitu kizito. Mwalimu wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniletea kisa cha Henry Wanyoike. Huyu ni mwana wa Kikuyu, magharibi tu ya jiji letu, aliyekuwa mkimbiaji chipukizi. Mwaka 1995 alilala akiona, kiharusi kikamshika usiku, akaamka akiwa karibu kipofu kabisa. Alipelekwa Machakos kujifunza kufuma sweta. Miaka mitano baadaye, katika michezo ya walemavu ya Sydney mwaka 2000, alikimbia mbio za mita 5,000 akiwa na mwelekezi wake. Mwelekezi alikuwa mgonjwa, nguvu zikamwishia njiani, na Wanyoike ambaye haoni ndiye aliyemkokota hadi kwenye utepe, akatwaa dhahabu. Huko Athens mwaka 2004 alitwaa dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000, safari hii akiongozwa na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja.

Nilimshukuru mwalimu, nikaenda msalani nikalia. Kisa ni kizuri, na leo namheshimu mwanamume yule kuliko wengi. Ila mwenye kisa alirudi mbioni! Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba kile hasa ninachokipenda ndicho kitakachoniua. Sikuhitaji kuambiwa habari ya mtu aliyerudi. Nilihitaji ya mtu ambaye hakurudi, akaishi.

Aliyeniokoa ni kocha, naye hakuleta kisa chochote. Aliniita mezani siku ya mechi, akanisukumia karatasi ya alama na kalamu mbili, moja nyekundu na moja ya samawati. "Aliyekuwa akiandika ana mtihani," alisema. "Keti."

Wasomaji wengi huenda kwenye mpira wa kikapu wasiitazame kamwe meza ile. Mwandishi wa mezani ndiye kumbukumbu ya mchezo. Kikapu cha kawaida hupigiwa mstari wa mshazari juu ya tarakimu ya alama, mtupo huru huwekewa nukta nene, na aliyefunga kwa pointi tatu namba yake huzungushiwa duara. Timu ikifikisha makosa manne katika robo, kuanzia la tano wapinzani hupewa mitupo huru. Mchezaji naye akifikisha makosa matano hutoka, asirudi. Kwa kila kosa unainua kibao chenye idadi, na kibao cha 5 huwa chekundu. Nilidhani ni kazi ya karani. Baada ya robo ya kwanza nilikuwa nimeloa jasho.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo tulicheza mechi ya kuamua nani ataingia nusu fainali. Zilibaki dakika tatu, sisi tukiongoza kwa pointi mbili. Mchezaji wetu bora, aliyekuwa rafiki yangu wa chanda na pete, alimgonga mtu mkono. Kocha wetu alidhani hilo ni kosa lake la nne. Mwamuzi pia hakuonyesha dalili ya kujua. Karatasi yangu ilisema ni la tano, kwa sababu moja la robo ya kwanza lilikuwa la mapema mno na wote walikuwa wamelisahau. Rafiki yangu aliitazama meza. Alijua. Nami nilijua kwamba anajua.

Niliinua kibao chekundu.

Tulifungwa kwa pointi nne. Katika basi hakuna aliyeketi karibu nami, na rafiki yangu hakunisemesha hadi siku ya mahafali, aliponishika mkono bila neno. Usiku ule, badala ya kulala, niliketi na nakala ya karatasi ile nikaandika habari ya mechi nzima, pamoja na kosa la tano, nikaibandika asubuhi kwenye ubao wa matangazo. Wanafunzi waliisoma wakigombana. Wiki iliyofuata waliniuliza iko wapi nyingine. Kazi ninayoifanya hadi leo ilianzia kwenye ubao ule.

Miaka miwili baadaye, Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka katika mechi jijini London na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kudunda sawasawa. Alipona, akaacha kandanda mwaka huo huo, kisha akasomea shahada ya uandishi wa habari za michezo. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu ofisini. Hatimaye nilikuwa nimempata mtu wangu.

Siku hizi madaktari wamelegeza kidogo. Baadhi ya wanamichezo wenye ugonjwa huu huruhusiwa kuendelea baada ya kupimwa na kushauriwa na bingwa. Nilimuuliza daktari wangu, kama angenikuta leo, angenikataza? Aliifungua faili, akasema kwamba mtu aliyezimia mara mbili akikimbia angemkataza vilevile. Sijui ni kwa nini nilipumua.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Hupigwa picha ya moyo kila baada ya muda, kwa sababu ukuta ule unaweza kunenepa wakati wa kubalehe hata kama leo ni mwembamba. Mwezi uliopita tulitoka hospitalini na jibu safi, tukapanda matatu kwenda Kangemi tunakoishi. Tulipofika Westlands aliniuliza kama anaweza kujiunga na timu ya kikapu ya shule. Nilimwambia angoje tufike nyumbani tuzungumze na baba yake. Alinyamaza hadi tulipokaribia kushuka, kisha akauliza kama, wakati anangoja, ningemfundisha kuandika ile karatasi.