Njia ya Karamoja na Gurudumu la Mbele

Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni kweli shambani, lakini katika njia za Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, haimsaidii mwendesha pikipiki. Huko asiyechagua gurudumu lake la mbele, njia humchagulia mahali pa kuanguka. Askari apelekwaye kituo cha mbali, afisa wa mifugo abebaye dawa za chanjo, mwalimu aendaye shule ya kijijini, wote hutegemea magurudumu mawili. Na nyumbani wako watu wanaowatazamia warudi wazima.

Safari huanzia Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mjini hapo pikipiki zilizo nyingi ni za bodaboda, zenye magurudumu ya inchi 17 au 18, na kwa kazi ya mjini hazina kosa. Gurudumu dogo ni jepesi kuligeuza penye msongamano, kiti ni cha chini hata mama mwenye mtoto mgongoni hupanda bila taabu, na matairi yake hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vipuri. Aishiye na kufanya kazi mjini hana sababu ya kutafuta jingine.

Lakini aendaye mbali, kabla ya kuiacha Mbale, na ainame asome namba zilizo ubavuni mwa tairi, kwani si fumbo. Palipoandikwa 2.75-21, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu. Palipoandikwa 80/100-21, tairi lina upana wa milimita 80, kimo cha ubavu wake ni asilimia 100 ya upana huo, na rimu ni ileile ya inchi 21. Pikipiki nyingi zilizoundwa kwa njia za porini huwa na inchi 21 mbele na 18 nyuma. Zile zilizokusudiwa kwa lami na changarawe pamoja, mara nyingi huwa na 19 mbele.

Barabara yapita karibu na Mlima Kadam na kufika Nakapiripirit. Kutoka hapo hadi Moroto ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Tambarare imetanda, migunga imesimama hapa na pale, na Mlima Moroto, wenye kimo cha mita 3,083, huonekana tangu mbali. Lami hiyo ni neema, lakini humdanganya mgeni. Akiwa ametulia kitini, gurudumu dogo likizunguka bila kelele, huamini kwamba chombo kilichomfaa mpaka Moroto kitamfaa mpaka Kaabong.

Kaskazini ya Moroto, katika njia za udongo na changarawe zielekeazo Kotido na Kaabong, ndipo ukweli hudhihirika. Yako mawe, yako makorongo yaliyochimbwa na maji, na yako matuta madogo yaliyofuatana kama mawimbi. Gurudumu la inchi 17 lenye tairi la 2.75 lina kimo cha inchi 22 na nusu hivi. La inchi 21 lenye tairi la upana uleule lina inchi 26 na nusu. Tofauti ni inchi 4 tu, lakini jiwe huijua. Gurudumu dogo hulipiga jiwe kwa kifua na kusukumwa nyuma; kubwa hulipanda kwa mwinuko ulio mpole zaidi, na mikono ya mwendeshaji haichoki upesi. Tena dogo hutumbukia katika mashimo ambayo kubwa huyavuka juu kwa juu.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Gurudumu la nyuma likiteleza, mwendeshaji bado ana nafasi ya kujiokoa. La mbele likiteleza au likikwama, usukani humponyoka na ardhi humpokea. Kwa hiyo wasifuo ukubwa wa tairi la nyuma na nguvu za injini, wakasahau la mbele, wameanzia mwisho.

Mvua za Karamoja huanguka zaidi kati ya Aprili na Septemba. Udongo mweusi wa tambarare, ambao kiangazi hupasuka nyufa, ukilowa huvimba na kunata kama ulimbo. Wengi hudhani kwamba hapo tairi pana ndilo lenye nguvu. Sivyo. Tairi jembamba lenye meno hukata tope na kuitafuta ardhi ngumu iliyo chini; pana huelea juu ya tope na kuteleza. Tena iko hesabu ya nafasi kati ya tairi na madigadi. Nafasi ikiwa finyu, tope hujaa na kushindiliwa, hata gurudumu likasimama kabisa injini ikinguruma bure. Ndiyo sababu pikipiki nyingi za porini zimeinuliwa madigadi ya mbele.

Kiangazi nacho kina mtihani wake. Mito mingi ya Karamoja ni mito ya mchanga: maji hupita siku za mvua, kisha hubaki mfereji mpana mkavu. Mto Kidepo, uliolipa jina bonde na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1962, ndio mashuhuri, na kandokando yake imesimama mivumo. Penye mchanga, ule wembamba uliosaidia topeni huwa hasara, kwa maana tairi huzama na usukani hutangatanga. Dawa si kununua gurudumu jingine, bali kupunguza upepo ili tairi litandae. Tairi la mbele lenye ratili 22 kwa inchi ya mraba laweza kushushwa hadi 15 au 16, kwa kuangalia uzito wa mzigo na kitabu cha pikipiki yenyewe. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, huegemea nyuma kidogo, wala haigusi breki ya mbele. Akivuka, sharti ajaze upepo tena. Asipofanya hivyo jiwe la kwanza litapinda rimu na kuibana tyubu hadi itoboke.

Basi kama gurudumu kubwa ni jema, je, kubwa zaidi si jema zaidi? Viwanda vya Japani vimekwisha kulijibu swali hilo. Yamaha DT-1, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na inchi 19 mbele. XT500 ya mwaka 1976 ikaja na 21, na ndiyo iliyoshinda mbio za kwanza za Paris hadi Dakar, zilizomalizika Januari 1979. Wakati huohuo Honda ilizitoa XL250S na XL500S zikiwa na inchi 23. Baada ya miaka michache kampuni hiyo ikarudi kwenye 21. Leo mwenye pikipiki ya inchi 23 hutaabika kulipata tairi. Funzo ni kwamba gurudumu lisilo na tairi dukani si gurudumu.

Wako pia wanaomwomba fundi awatie gurudumu la inchi 21 katika pikipiki iliyoundwa kwa 17. Hilo ni jambo la hatari. Mbele huinuka, mlalo wa uma hubadilika, na uma ukibonyea gurudumu laweza kugonga madigadi au hata injini. Breki nayo huenda isikae mahali pake. Kadhalika aondoaye 21 akatia 19 hushusha mbele, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi katika mwendo wa kasi. Aliye na pikipiki ya 17 na hana fedha za nyingine, heri atie tairi lenye meno la kipimo kilekile, apunguze mzigo na mwendo. Mwenda pole hajikwai.

Mwisho wa yote, shauri hili ni la nyumbani. Fedha za pikipiki hutoka katika mfuko mmoja na ada ya shule na unga wa watoto. Yafaa mume na mke wakae waulizane: ni njia ipi itakayopitwa kila juma, na ni kipande kipi kibaya kisichokwepeka? Kipande hicho ndicho kichague gurudumu, wala si lami ya mjini, wala si macho ya majirani.

Jioni, msafiri aliyefika Kaabong salama huegesha chombo chake, huosha tope, na kuzikagua spoki na upepo wa tairi la mbele kabla ya kujitazama mwenyewe. Hakosei. Njia ya kurudi ni ileile, na nyumbani wanahesabu siku.