Kumlilia Mungu si kumwacha

Huu ni mwaka wa 3 mume wangu anasafishwa damu, mara 3 kwa wiki, kwa saa 4 kila mara. Shamba tumeshauza. Wapo waliokuja kutuambia tutafute dhambi iliyofichika nyumbani mwetu. Wengine walinikataza kulia mbele ya watoto, eti ni kukosa imani.

Nikarudi kwa Ayubu. Wengi tunakumbuka uvumilivu wake tu, tunasahau kwamba aliilaani siku aliyozaliwa na akamdai Mungu majibu. Rafiki zake walikaa naye chini kimya siku 7. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao waliojifanya kumtetea, akasema Ayubu ndiye aliyesema kweli.

Siku hizi nalia, na watoto wananisikia nikiomba. Aliyemwacha Mungu hana tena wa kumlalamikia. Mimi bado namwita kila usiku. Nawe, ndugu msomaji, ukienda kumwona anayeuguza, mpelekee kilo ya unga, au mpokee zamu ya kumsindikiza mgonjwa hospitali. Maneno mengi acha.