Nikifuata Tope kutoka Kipsongo

Makanga wa matatu ya Eldoret aliucheka mwavuli wangu wa Mombasa. "Huo utarudi kwenu bila mbavu," akaniambia tukivuka Nzoia pale Moi's Bridge. Chini ya daraja mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Abiria wenzangu hawakuugeukia hata kidogo. Kwao ndiyo rangi ya mto. Mimi nilikuwa nikija bara ya magharibi kwa mara ya kwanza, na rangi hiyo ndiyo iliyonitoa Pwani. Rafiki yangu wa chuo, sasa injinia wa barabara, alikuwa amenipigia akisema: "Kaka, wewe huandika kuhusu lami. Njoo siku moja uandike kuhusu udongo unaokimbia kabla lami haijafika."

Kitale umekaa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, huku Mlima Elgon, huku milima ya Cherangani. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita kama 1,200, na nyingi hunyesha kati ya Machi na Oktoba, aghalabu alasiri, kwa kishindo. Kiangazi cha kweli ni Desemba hadi Februari. Anayejenga barabara huku ana miezi mitatu ya kuchimba kwa amani. Mikataba, kwa bahati mbaya, hutiwa saini mwezi wowote.

Nilidhani tungeanza na matingatinga. Injinia akanipeleka Kipsongo. Wakazi wengi wa mtaa huu wa Kitale ni Waturkana, ambao wazazi wao walianza kufika tangu miaka ya 1970 wakikimbia ukame na wizi wa mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Practical Action, wakati huo likiitwa ITDG, lilikaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa kupanga mitaa yao, vyoo na maji vikiwa mbele. Nilichokiona mimi ni mama mmoja akikomba tope mlangoni kwa kipande cha debe lililokatwa. Alilikusanya fungu, akalibeba, akalimwaga upande wa chini wa kichochoro. Mvua ilikuwa ya jana yake.

Injinia alimwamkia kwa heshima, akamuuliza tope limetoka wapi.

"Tope la hapa nalijua, lina karatasi na maganda," mama akajibu. "Hili ni safi, limetoka kuchimbwa. Mnatuletea barabara ama mnatuletea shamba?"

Sijasikia ukaguzi wa mazingira uliofanywa kwa maneno machache hivyo. Tangu Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, barabara kubwa haianzi kabla ya tathmini ya athari kupitishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na kila tathmini huahidi kuzuia mmomonyoko. Ahadi hiyo ndiyo tuliyokwenda kuitafuta juu.

Tulipanda hadi palipokuwa pakichimbwa kibarabara cha kuunganisha mashamba na lami, kazi ya mkandarasi ambaye sitamtaja. Kilima kilikuwa kimekatwa, ukingo mwekundu umesimama uchi, urefu wa ghorofa moja. Greda lilikuwa limelala. Mtaroni, mahali maji yanapokusanyika na kushuka kwa nguvu, palikuwa na kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye vijiti, au tuseme mabaki yake. Kitambaa cha aina hiyo ni kizuri kwenye mteremko mpana, maji yakija taratibu na kwa wembamba, ukingo wake wa chini ukiwa umezikwa kama sentimita 15 ardhini. Ukikiweka kukatiza mtaro, kinafurika na kung'oka. "Kiliwekwa siku ya kupiga picha za ripoti," akasema Injinia.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka kuliko michoro yote aliyonionyesha. Alichukua chupa ya maji ya kunywa, akatia konzi ya udongo wa ukingo ule, akaitikisa, akaisimamisha juu ya jiwe. Mchanga ulituama papo hapo. Juu yake maji yakabaki mekundu. Tulitembea, tukazungumza na vibarua, tukala mahindi ya kuchoma, tukarudi: bado mekundu. Akanitolea hesabu yake. Chembe ya mchanga yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita huzama mita moja kwa dakika kama 2. Chembe ya mfinyanzi yenye unene wa sehemu mbili kwa elfu za milimita, katika maji yaliyotulia kabisa, huhitaji zaidi ya siku 3.

Hapo nilielewa kwa nini anachukia kusikia watu wakisema "tutachimba bwawa la tope kule chini, mambo yaishe." Bwawa ni la lazima. Katika majimbo mengi ya Marekani kipimo kilichozoeleka ni futi za ujazo 3,600 kwa kila ekari iliyochimbwa, yaani karibu matangi kumi ya lita 10,000. Lakini bwawa hukamata mchanga. Mfinyanzi hupita, nao mto ukabadilika rangi. Dawa yake ni udongo usianze safari. Unachimba kipande, unakimaliza, unakifunika kwa nyasi kavu na mbegu, ndipo unafungua kingine. Juu ya ukingo unatangulia kuchimba mtaro wa kuyakinga maji ya mashambani kabla hayajaufikia ukingo wenyewe. Mtaroni unapanga vizuizi vya mawe, kichwa cha kile cha chini kikilingana na mguu wa kile cha juu, ili maji yashuke ngazi badala ya kuteleza. Na kila bwawa lina njia ya dharura iliyojengwa kwa mawe, kwa sababu iko mvua itakayozidi hesabu zote. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, jirani hapa Pokot Magharibi, maporomoko yaliua watu zaidi ya 40 na barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika. Kwa mvua kama ile, swali la mhandisi ni moja tu: bwawa likishindwa, maji yatapita wapi, na nani amejenga pale?

Siku iliyofuata tulikwenda Endebess na kuendelea hadi mpakani, kwenye zile kilomita 45 za barabara ya Kitale–Suam zilizogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njiani Injinia alinionyesha jambo la ramani. Mito ya Endebess hushukia Nzoia na kuishia Ziwa Victoria. Lakini mto Suam, ulio mpaka wetu na Uganda, huenda kaskazini, ukaingia bwawa la umeme la Turkwel, kisha Ziwa Turkana. Kwa hiyo udongo unaopotea upande mmoja wa barabara hii unazilemea kingo za Nzoia kule Budalang'i, na wa upande wa pili unajaza bwawa katika njia ya kwenda kwao wazee wa Kipsongo.

Tuliteremka Bungoma kupitia Kiminini na Kamukuywa. Kwenye maporomoko ya Nabuyole, Webuye, Nzoia ulikuwa mwekundu zaidi kuliko pale Moi's Bridge. Nisidanganye, ni mzuri ukiwa hivyo, na vijana wa kupiga picha walikuwa wamejaa.

Karibu na Kimilili mzee mmoja alitukaribisha shambani kwake. Barabara ya moramu ilikuwa ikimmwagia maji kwa miaka, mpaka akaomba ruhusa ya kuyapokea. Alichimba mfereji kufuata usawa wa kilima, udongo akaurusha upande wa juu, mbinu ya fanya juu ile ya Machakos, kisha akapanda nepia kwenye tuta. Maji yanapotoka mtaroni yanagawanyika mferejini na kuzama. "Serikali ilinipa mafuriko bure, vijana wangu," akasema. "Nami ng'ombe wangu wanayala." Makueni na Kitui wamelifanya jambo hili hili kwa mpango, wakiyatoa maji ya barabarani kwenda mashambani na kwenye vidimbwi. Sioni kwa nini Trans Nzoia na Bungoma, zenye mvua maradufu, ziyaachie yaende na udongo.

Jioni, katika mkahawa wa Bungoma mjini, Injinia alifungua orodha ya vipimo na bei ya zabuni yake ijayo. Uchimbaji kwa mita ya ujazo. Kalvati kwa mita. Lami kwa mita ya mraba. Kuzuia mmomonyoko: jumla, mstari mmoja. Aliufuta mstari huo akauvunja: vizuizi vya mawe kwa idadi, nyasi kwa mita ya mraba, kuzoa tope bwawani kwa mita ya ujazo baada ya kila mvua kubwa.

Nikamuuliza kama wakubwa wake hawataikata nyasi wakianza kubana bajeti.

"Watajaribu kuikata ya kwanza," akasema. "Ndiyo maana nimeifunga na uchimbaji. Ukingo usio na nyasi, mita zake za kuchimba hazilipwi."