Nauli ya Maneno Matatu

Msomaji, sisi wa mjini tunapima umbali kwa daladala. Gari moja ni karibu, mawili ni mbali kidogo, matatu ni nongwa. Bibi yangu mzaa mama anapima kwa korosho. Anaishi kijijini, wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi, na moyo wake umetanuka. Kila baada ya miezi mitatu alitakiwa aonekane kliniki katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Ukimuuliza Dar ni mbali kiasi gani, hakutajii kilomita. Atakwambia, "Magunia mawili, baba, na hapo sijala."

Hesabu yake haina uongo. Kwanza pikipiki mpaka Liwale mjini. Halafu basi la Nachingwea, zaidi ya kilomita 120, kiangazi vumbi, masika tope. Kisha pwani, kisha Kilwa, kisha Rufiji. Hapo angalau kuna Daraja la Mkapa tangu 2003; wazee wanakumbuka enzi za kivuko, watu wakilala ng'ambo kungoja zamu. Mwisho anateremka Mbagala, miguu imevimba kama mihogo ya mbolea. Na mgonjwa hasafiri peke yake. Shangazi lazima aje naye, kwa hiyo nauli mara mbili, na shamba la ufuta linabaki na nyani.

Baada ya yote hayo, foleni kuanzia alfajiri, dakika kumi ndani, na mara nyingi anatoka na maneno matatu: "Endelea na dawa." Siku tano njiani kufuata maneno matatu! Mimi nilikuwa nampokea na kumrudisha stendi, na kila safari nilimwona amepungua kidogo.

Mapema Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya. Mvua ikaikata barabara ya Dar na Lindi huko Kilwa, magari yakalala pande zote mbili. Tarehe ya kliniki ya bibi ikapita yuko kwao. Washikaji wakanishauri: siku hizi kuna daktari wa mtandaoni, mpigie kwa video amalize. Sawa. Lakini bibi ana kitochi, na tarehe 12 ya mwezi uleule nyaya za chini ya bahari zikakatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kubahatisha hata hapa mjini. Barabara ilikatika, mtandao ukakatika. Kilichobaki hai ni simu ya kawaida, ya sauti tu.

Basi nikaichukua kadi ya bibi nikaenda kliniki mwenyewe, nikasubiri mpaka wagonjwa wakaisha. Daktari akaisoma, akaniambia, "Nipe namba ya nesi wa zahanati yao." Akapiga kwa vocha yake.

Nilikuwa nimekaa pale, nikasikia yote.

"Mbonyeze kwenye muundi kwa dole gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Kuna shimo?"

"Lipo, dokta. Linachelewa kurudi."

"Presha?"

"170 kwa 100."

"Usiku analalaje?"

Hapo bibi akadakia mwenyewe, maana simu ilikuwa kwenye spika: "Nalala nimekaa, mwanangu, kama mlinzi!"

Daktari hakucheka. Akaongeza dawa ya kutoa maji, akaagiza apimwe uzito kila siku, akasema dalili gani zikitokea apelekwe hospitali ya wilaya bila kungoja simu. Kabla hawajakata bibi akaniuliza, "Mume wangu, umeshakula?" Dakika saba. Wiki iliyofuata alilala chali kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jambo lenyewe si geni. Madaktari wa ndege wa Amref walianza mwaka 1957, na katika miaka ya 1960 hospitali za misheni zilizo mbali ziliomba ushauri Nairobi kwa redio ya upepo. Leo tunayo m-mama, iliyozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022: unapiga 115 bure, na mjamzito, mzazi au kichanga anatafutiwa gari. Nilipomweleza bibi akasema, "Ala! Kwa hiyo mpaka nipate mimba?"

Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana. Wanaozungumzia tiba ya mbali hutuonyesha kioo chenye sura ya daktari. Siku ile sikuona kioo. Niliona dole gumba la nesi kule Liwale. Bila dole lile, bila kipimo cha presha chenye betri, daktari wa Dar angekuwa sauti tu ya kumpa bibi pole. Simu haiondoi haja ya zahanati, inaiongezea kazi. Wala haina siri. Waliokaa kwenye benchi nje walisikia kila kitu, na jioni kijiji kizima kilijua bibi analala kama mlinzi.

Tena simu ile haikuandikwa popote. Haikuwa na risiti wala zamu, na hakuna aliyelipwa. Ilikuwa hisani ya mtu mmoja mwenye vocha. Tuliiendeleza hivyo kwa mwaka mzima, bibi akaja Dar mara moja tu, kupigwa picha ya moyo, kitu ambacho dole gumba haliwezi. Safari hiyo hakuilalamikia, maana aliijua sababu yake.

Kisha daktari akahamishwa. Aliyekuja baada yake si mbaya, ila ana foleni yake na vocha yake, na hakuna karatasi inayomtaka apige Liwale. Mwezi ujao bibi anapanda basi tena. Shangazi ameshauza gunia la kwanza.