Nani Ni Mtoto Mbele ya Kodi?

Karatasi ya hali ya familia ambayo mwajiri humpa mfanyakazi ina ukurasa mmoja tu. Juu kuna jina, chini kuna mahali pa sahihi, na katikati kuna jedwali la majina, tarehe za kuzaliwa na uhusiano. Neno kodi huenda lisionekane humo hata mara moja. Hata hivyo karatasi hiyo ndiyo inayosaidia kuamua kodi. Kwetu Kongo mwaka 2024 mfanyakazi wa mshahara hakwenda mwenyewe kutangaza kodi ya mshahara wake. Mwajiri alikata ile tuliyoiita IPR kila mwezi, kisha aliitangaza na kuilipa kwa DGI, idara kuu ya kodi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kuisha. Kwa hiyo jedwali lile ndilo lililokuwa tamko ambalo mfanyakazi aliliandika na kulitia sahihi kwa mkono wake.

Mwaka 2024 yaya yangu aliileta karatasi hiyo nyumbani. Kwa msomaji asiyekaa Lubumbashi niseme kwamba yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Huyu ni mwanamume. Aliiweka mbele yangu akasema: « Weye unasomaka maluga, unisaidie kuandika. » Hakuwa na shida ya kuandika. Shida yake ilikuwa kichwa cha safu moja, « personnes à charge », na neno moja chini yake, « enfants ».

Alikuwa ameshahesabu watu tisa: mke wake, watoto wanne aliowazaa, watoto wawili wa yaya yetu wa kike ambaye ni marehemu, mtoto wa baba yetu mdogo aliyekuja mjini kusoma, na mimi. Tisa ndiyo idadi ya juu ambayo sheria iliikubali, naye alifurahi kuona nyumba yake imetosha sawasawa. Mama mkwe wake, anayelala chumba cha pili na kula nasi kila siku, hakuwemo.

Tulisoma pamoja sheria iliyohusika, yaani ordonnance-loi nambari 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969 pamoja na marekebisho yake. Iliwahesabu mke, watoto wasiooa wala kuolewa ambao mlipakodi amewazaa na kuwatambua kisheria au amewaasili, pamoja na wazazi wa mume na wa mke kama wanakaa katika nyumba hiyo. Watoto wa ndugu hawakuwemo. Ndugu wa mlipakodi hawakuwemo. Mama mkwe alikuwemo. Watu tisa wa yaya wakawa watano, halafu mama mkwe akawafanya sita.

Kabla ya kuendelea, tuangalie hesabu, maana hapa maneno mawili ya Kiswahili huchanganya watu wengi. Tuchukue mshahara wa faranga 1,000,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka ule. Kwanza hutolewa 5% ya mfanyakazi kwa CNSS, yaani faranga 50,000. Zinabaki 950,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi. Faranga 162,000 za kwanza hutozwa 3%, yaani 4,860. Zinazofuata, 788,000, hutozwa 15%, yaani 118,200. Jumla ya kodi ni 123,060. Familia huingia sasa tu: kila mtu anayekubalika hupunguza 2% ya kodi hiyo.

Kazini kwa yaya watu walikuwa wakisema kwamba mtoto mmoja ni « mbili kwa mia ya mshahara », kama vile angeleta faranga 20,000. Sivyo. Analeta 2% ya 123,060, yaani kama faranga 2,461. Fungu la CNSS hutoka katika mapato kabla ya kodi kuhesabiwa, na punguzo la familia hutoka katika kodi yenyewe, baada ya hesabu. Kiswahili chetu cha kila siku huviita vyote viwili « kukata ». Mimi napendekeza tuseme kitu kinatolewa katika mshahara, na kingine kinapunguzwa katika kodi. Mfanyakazi akielewa vitenzi hivyo viwili tu, -tolewa katika nini na -punguzwa katika nini, anaweza kukagua karatasi yake ya mshahara bila kumwomba mtu.

Kwa watu tisa punguzo ni 18%, na kwa sita ni 12%. Tofauti ni faranga 7,384 kwa mwezi. Si pesa za kujenga nyumba, lakini ni pesa.

Sasa turudi kwenye neno mtoto. Kiswahili sanifu kina neno mpwa, Kibemba kina umwipwa, na yote mawili ni ya shina moja la Kibantu. Mfumo wetu basi unajua kumtenga mtoto wa dada. Haukosi istilahi. Lakini istilahi ya kueleza ni jambo moja, na jina la kumwita mtu ni jambo lingine. Hakuna mtu nyumbani kwetu atakayesema mbele ya mgeni « huyu mwipwa wangu ». Yaya husema « huyu mutoto wangu », na watoto wale humwita baba. Tena kwetu ni Wabemba, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hesabu hiyo watoto wanne aliowazaa yaya ni wa ukoo wa mke wake, na hawa wawili wa dada yake ndio wa ukoo wake mwenyewe. Sheria ya 1969 iliwaweka nje hasa wale ambao ukoo ungewaweka ndani kwanza.

Upande wa mama mkwe neno lililoleta shida lilikuwa « charge ». Yaya alilisikia kama mzigo. Mwanamume wa kwetu hupita mbali na mahali alipokaa mama wa mke wake, na hamtazami usoni ovyo. Atamwandikaje katika orodha ya mizigo? Heshima ndiyo iliyomtoa kwenye jedwali, na heshima hiyo ilikuwa ikimgharimu yaya punguzo ambalo ni haki yake kabisa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya husema mtegemezi. Neno hilo ni zuri zaidi, kwa sababu anayeegemea si mzigo. Lakini linamchukua kila anayeegemea, na mimi naegemea pia.

Mwenzake mmoja wa kazini alimpa shauri la haraka. Watoto wawili wale wanaweza kupata vyeti vipya vya kuzaliwa vyenye jina la yaya na la mke wake, na hakuna atakayeuliza. Biro itakuta vyeti sita, itaandika watoto sita. Yaya hakukataa papo hapo. Aliwaza kama watu wengi wanavyowaza: ninawalisha, ninawalipia shule, uongo uko wapi?

Mkubwa wa watoto wale ana miaka kumi na mitano na anasoma Kifaransa vizuri. Alikuta karatasi mezani, majina yao mawili yamepigwa mstari. Hakulia. Aliuliza tu: « Baba, njo kusema hatuko batoto ya hapa? » Nilimwona yaya akikosa neno, na nikaelewa kwamba jambo hili halikuwa la faranga tena.

Tulimweleza mambo yote mawili. La kwanza, neno la karatasi ni jembamba kuliko neno la nyumba: linauliza tu nani amezaliwa na nani na nani ameasiliwa kwa uamuzi wa mahakama, basi. La pili, shauri la cheti kipya. Akanyamaza, halafu akauliza jina la mama yake litaenda wapi.

Swali hilo lilimaliza mjadala. Mama yake hakuacha nyumba wala shamba. Mahali ambapo jina lake limeandikwa kiserikali pamoja na la watoto wake ni katika vyeti viwili vile. Kuvibadilisha ili kupunguza faranga 4,922 kwa mwezi kungekuwa kumfuta, na kwa Mbemba kumfuta mama ni kukata njia yenyewe ambayo kwayo watoto hawa ni wa yaya. Karatasi ya uongo, iliyodaiwa kuwafanya watoto wake, ingewatoa katika ukoo wake.

Yaya aliandika watu sita na kutia sahihi. Mama mkwe alipoelezwa kwamba karatasi haiulizi nani ni mzigo, bali ni mzazi gani anakaa katika nyumba hii, alisema mwenyewe: « Andikeni. » Kuhusu watoto wawili, yaya na mke wake wanaongea juu ya kwenda mahakamani kuwaasili. Hilo litafuata mwendo wake, nao watoto wataulizwa maoni yao.

Baada ya hapo niliandika karatasi ile kwa Kiswahili, na biro ya yaya ikakubali kuibandika ukutani pembeni ya ile ya Kifaransa. Sikuandika « watoto wako » wala « wategemezi wako ». Kichwa kinasema: « Watu ambao sheria ya kodi inawahesabu ». Chini yake: « Mtoto uliyemzaa na kumtambua kisheria, au uliyepewa na mahakama, asiyeoa wala kuolewa. Mzazi wako au mzazi wa mke wako, kama anakaa kwako. » Ni maneno marefu, na mwalimu wa tafsiri angeweza kuyalalamikia. Lakini hayamwambii mtu yeyote kwamba mpwa wake si mtoto wake. Yanamwambia tu kile kinachoulizwa.

Katika kitivo chetu tunajifunza kwamba mwaka 1871 Lewis Henry Morgan alitofautisha mifumo ya ukoo inayokusanya watu katika kundi moja na ile inayomweleza kila mtu peke yake. Mara nyingi tunaliandika hilo katika mtihani na kulisahau. Wafanyakazi wa mji huu wanakutana nalo wanapojaza fomu, wakiwa na kalamu mkononi na mtoto akiwatazama. Istilahi za kodi kwa Kiswahili hazitatoka mbinguni. Zikiandikwa na mtu asiyejua mwipwa ni nani, watu wataendelea kuchagua kati ya kuidanganya serikali na kumkana mtoto. Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anaweza kuwaondolea chaguo hilo kwa sentensi mbili zilizoandikwa sawasawa.

Mimi simo katika ile orodha ya watu sita. Nakula pale pale, na yaya bado ananilipia masomo.