Siku moja Wagenia

Sisi wa Kisangani tunaishi karibu na maporomoko, lakini tunayatembelea tu mgeni akifika. Jumamosi moja tuliamua kwenda kule na wanafunzi wetu, kama vile sisi wenyewe tungekuwa wageni.

Kutoka Ubundu, hayo ndiyo maporomoko ya saba na ya mwisho ya Boyoma. Stanley alipita hapa mwaka 1877; Wagenia walikuwa wakivua tayari. Miti mikubwa imesimamishwa ndani ya mawe, imefungwa kwa kamba za msituni, na vikapu virefu vinashushwa katika maji makali.

Mwanafunzi mmoja akauliza: «Papa, na nyavu haingekuwa rahisi?»

Mzee akacheka: «Wavu, mutu anauza ku soko. Lakini kusimamisha huu muti, lazima baba yako akufundishe.»

Saa sita tulikula pale pale: samaki wa kuchoma, lituma na pilipili. Mzee aliposema kwamba watoto wake wote wako kwa pikipiki mjini, hatukuona tena utamu wa samaki.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mji wetu. Nyumba nyingi zilibomoka. Mafundi walizijenga tena. Miti hii nayo, fundi wake akiisha, nani ataisimamisha?

Jumatatu tuliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja amuombe mzee wake amfundishe kitu kimoja ambacho soko haina.